Mifupa ya Galula na Chuma cha Mbozi

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, muulize dereva wa lori aliyejipanga kwenye foleni pale Tunduma, akingoja kuvuka kwenda Nakonde, mkoa huu wa Songwe una kitu gani. Atakutajia mpaka, atakutajia mahindi, atakutajia kahawa ya Mbozi, na kama ni mtu wa kutembea sana atakutajia na dhahabu ya kule Mkwajuni. Wala hatakuwa amekosea. Lakini yako mambo mawili ambayo aghalabu hayatajwi. La kwanza ni mifupa ya wanyama wakubwa kuliko tembo, waliokufa makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita na kuzikwa katika miamba myekundu ya Galula. La pili ni bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, nalo limelala Ndolezi, wilayani Mbozi. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyotuingiza katika mada yetu ya wiki hii, nayo ni kazi ya makumbusho ya elimu ya viumbe na maumbile. Yanafanya nini hasa, na sisi wa pembe hii ya nchi tunapata nini?

Nadhani neno lenyewe limetuponza. Makumbusho, tunasema, ni mahali pa kukumbuka. Basi mtu akilisikia anafikiri juu ya nyumba yenye ngoma zilizochanika, kofia ya mkoloni na mlinzi anayesinzia mlangoni. Unakwenda mara moja ukiwa shule ya msingi, unatoka, basi. La hasha. Makumbusho ya viumbe, kama yale ya Arusha yaliyomo katika Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, au idara za aina hiyo katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, ni sawa na duka la jumla. Kile unachokiona kwenye kabati la kioo ni dirisha tu. Mali yenyewe iko stoo, na kazi yenyewe inafanyika stoo, maabara na porini.

Tuanze porini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Marekani na Australia wamekuwa wakija kila baada ya muda kutafuta visukuku katika Bonde la Ufa la Rukwa. Kisukuku, kwa asiyejua, ni mabaki ya kiumbe yaliyofukiwa na matope au mchanga, madini yakaingia ndani yake kidogo kidogo, mwishowe mfupa ukawa jiwe bila kupoteza umbo lake. Watafiti hutembea. Hakuna mashine inayosema mfupa uko hapa. Wanafuata makorongo na kuta za mito ya msimu, macho chini, jua kali, mpaka mmoja wao aone kipande ambacho rangi yake si ya mwamba. Mchungaji wa ng'ombe au mtoto anayetafuta kuni ana nafasi ileile ya kukiona, na pengine nafasi kubwa zaidi, maana yeye anapita pale kila siku.

Kikishaonekana, hakivutwi. Hapa ndipo wengi wetu tungeharibu. Mfupa uliogeuka jiwe, pamoja na ugumu wa jina lake, hupasuka kama biskuti. Kwa hiyo wanachimba kuuzunguka, wanauacha juu ya kisiki cha udongo, wanaufunika kwa karatasi laini, halafu wanaufunga kwa magunia yaliyolowekwa plasta, vilevile kama hospitali inavyomfunga P.O.P. mtu aliyevunjika mguu. Anayetazama kwa mbali angedhani wanazika maiti nyeupe. Mnyama aliyepewa jina la Rukwatitan mwaka 2014 alikuwa ndani ya ukuta wa korongo, na ilibidi kutafuta wachimbaji wazoefu wasaidie kumtoa kwa misimu miwili. Miguu yake ya mbele inakadiriwa kuwa na urefu wa meta 2. Jina lake la pili, kwa Kilatini, maana yake ni aliyezikwa mara mbili.

Na majina, ndugu msikilizaji, ndiyo yaliyonifurahisha kuliko yote. Sayansi ina desturi ya Kilatini na Kigiriki. Lakini nenda leo katika maktaba ya chuo kikuu chochote duniani, utamkuta dinosaria anayeitwa Shingopana songwensis. Shingo pana, wa Songwe. Huyo mifupa yake ilipatikana mwaka 2002, na jina akapewa mwaka 2017. Yuko mwingine, alianza kuchimbwa mwaka 2004 katika ukuta wa korongo la mto Mtuka karibu na Galula, naye tangu mwaka 2019 anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Hilo si kosa la mchapaji. Ni mnyama wa Mtuka, na moyo wa mkia, kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Nimejaribu kuwaza profesa wa Kijapani akilitamka darasani.

Wote hao walikuwa wala majani wenye shingo ndefu. Lakini kwa maoni yangu aliye bora ni mdogo wao, mwenye ukubwa wa paka, anayeitwa Pakasuchus kapilimai. Sehemu ya kwanza ni paka wetu wa nyumbani akiungana na neno la Kigiriki la mamba. Sehemu ya pili ni heshima kwa Saidi Kapilima, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa jamaa ya mamba, lakini aliishi nchi kavu, ana miguu myembamba, na mdomoni mwake badala ya meno ya mamba yaliyofanana yote, alikuwa na magego ya kutafunia kama ya mamalia. Taarifa zake zilitolewa mwaka 2010.

Sasa jiulize, wameyajuaje magego wakati fuvu lilikuwa limefumba taya, na taya zimeshikana na jiwe? Hapa tunaingia maabara. Kulifungua kwa patasi kungekuwa kulivunja. Walilipitisha katika mashine ya CT, ya namna ileile inayotumika hospitali kupiga picha za ndani ya kichwa cha mgonjwa, kisha wakazitenganisha taya katika kompyuta bila kugusa mfupa. Kazi nyingine ya maabara haina mashine kubwa. Ni mtu mmoja, hadubini na sindano, anang'oa chembe za mchanga siku baada ya siku. Katika mifupa ya yule Shingopana, uchunguzi wa namna hiyo uligundua vitundu vilivyotobolewa na wadudu muda mfupi baada ya mnyama kufa. Yaani mzoga ulilala juu ya ardhi kabla ya kufukiwa, na wadudu wakapata riziki yao. Kitundu cha mdudu kimetueleza habari za mazishi!

Labda utasema, miaka kumi na mitano toka kuchimbwa hadi kupewa jina, si uzembe huo? Si uzembe. Jina jipya haliruhusiwi mpaka mfupa ulinganishwe na mifupa ya wanyama wote wanaofanana nao, iwe Misri, iwe Malawi, iwe Argentina. Na jina likishatolewa, mfupa ule ule mahususi unakuwa shahidi wa jina hilo daima. Unasajiliwa kwa namba. Yeyote duniani akitilia shaka, ana haki ya kusema: nionyesheni. Makumbusho lazima yaonyeshe, leo au miaka 100 ijayo. Ndiyo maana stoo ya makumbusho si ghala la takataka. Ikivuja paa, ikaingia mchwa, ikapotea karatasi ya namba, mfupa unabaki jiwe tu, hakuna ajuaye ulitoka wapi. Karatasi ile ya namba ina thamani kama mfupa wenyewe, na mara nyingine zaidi.

Chukua mfano wa jirani zetu wa Ruvuma. Katika miaka ya 1930, Mwingereza Rex Parrington aliokota mkono na mifupa michache ya uti wa mgongo katika eneo la Ruhuhu, upande wa ziwa Nyasa. Ikapelekwa Ulaya, ikakaa stoo. Miaka ya 1950 mtaalamu mmoja, Alan Charig, aliichunguza na kuipa jina, lakini hakulichapisha rasmi. Charig akafariki mwaka 1997. Mwaka 2012 wataalamu wengine wakaitoa tena, wakaikata vipande vyembamba na kuona jinsi ilivyokua, wakatangaza kwamba Nyasasaurus, aliyeishi yapata miaka milioni 243 iliyopita, huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au basi ni ndugu wa karibu sana. Jina la marehemu Charig likawekwa miongoni mwa waandishi. Miaka themanini mfupa ulikuwa unangoja mtu wa kuusoma.

Msidhani kazi hii ni ya mifupa ya kale pekee. Hapo Rungwe, mkoani Mbeya, wenyeji walikuwa na habari za nyani mmoja mwenye haya wanayemwita kipunji. Watafiti walisikia habari zake kwa wawindaji, wengine wakadhani ni hadithi za mizimu, mpaka mwaka 2003 walipomwona wenyewe msituni. Mwaka 2005 wakamtangaza duniani kwa kutumia picha. Watu wakahoji: tangu lini mnyama anapewa jina kwa picha? Baadaye mmoja, mdogo, akafa katika mtego uliotegwa na mkulima shambani kwake kwenye mahindi. Maiti yake ikahifadhiwa katika Makumbusho ya Field, Chicago. Uchunguzi wa chembe za urithi ukaonyesha kwamba hakuwa wa kundi walilomweka mwanzo, bali yu karibu zaidi na nyani wa kawaida, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Ilikuwa ni mara ya kwanza kupatikana jenasi mpya ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Kutokana na kujulikana huko, dunia ilianza kuuliza habari za misitu anamoishi, ambayo ilikuwa ikikatwa pasipo mtu kujua nini kinapotea. Huo ndio uhusiano wa utafiti na hifadhi. Huwezi kulinda kitu ambacho hakijaandikwa popote kwamba kipo.

Na sasa tuje Mbozi, kwenye chuma. Kimondo kile hakikugunduliwa na mtu kutoka nje, ingawa vitabu hupenda kusema hivyo. Wenyeji walikijua. Mwaka 1930 mpimaji wa ardhi, W. H. Nott, ndiye aliyepeleka habari zake kwa wataalamu. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa mlimani. Udongo ukaondolewa kukizunguka, na chini yake pakajengwa zege la kukibeba. Kina urefu wa meta 3 hivi na kimo cha meta 1. Uzito wake ni mgogoro: utasoma mahali tani 12, mahali 16, na katika vitabu vya zamani 25. Sababu ni rahisi, uzito huo hukadiriwa kutokana na ukubwa wake, na bonge lenyewe halina umbo la kupimika kwa urahisi. Vyovyote iwavyo ni miongoni mwa vimondo vikubwa duniani, ingawa yuko mkubwa zaidi katika Afrika yetu, kile cha Hoba kule Namibia, chenye tani zipatazo 60.

Asilimia 90 ya Kimondo cha Mbozi ni chuma, na karibu yote iliyobaki ni nikeli, pamoja na chembe za madini mengine. Chuma chenye nikeli kiasi hicho hakipatikani kwenye miamba yetu ya kawaida. Wataalamu wanaeleza kwamba vimondo vya chuma ni vipande vya viini vya sayari ndogo zilizovunjika hapo kale, na kwamba chuma hicho kilipoa polepole mno, nyuzijoto chache tu kwa kila miaka milioni moja. Kwa maneno mengine, pale Ndolezi unaweza kuweka kiganja chako juu ya kitu kinachofanana na kile kilichomo katikati ya dunia, mahali ambapo hakuna mchimbaji atakayefika. Shimo la kuanguka kwake halionekani. Kilianguka zamani mno, maelfu ya miaka, na mvua zimelifuta.

Kimondo hiki kinatufundisha namna nyingine ya kuhifadhi. Mfupa wa Galula ukiachwa korongoni, mvua mbili tatu zinaumaliza, kwa hiyo ni lazima uondoke. Kimondo kinaweza kukaa palepale kilipoangukia, na thamani yake inaongezeka kwa kukaa pale. Adui yake ni binadamu mwenye msumeno. Kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale katika miaka ya 1960, na sasa kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyojenga pale kituo cha taarifa kwa wageni. Kila tarehe 30 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa ulichagua kwa ajili ya mambo ya vimondo, watu hukusanyika Mbozi kuiadhimisha.

Suala la kuondoka kwa mifupa linaamsha hasira kwa baadhi ya watu, nami siwalaumu. Wanakumbuka Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale kwa nguvu za mamia ya wafanyakazi wetu, wakabeba mifupa inayofikia tani 230 hivi mpaka pwani, mabegani na vichwani mwa watu, ikapanda meli. Mmoja wao, mnyama mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, amesimama katika makumbusho ya Berlin tangu 1937. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, ilimchukua karibu karne nzima kupata heshima ya jina lake kutumika, pale mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Suala la mifupa hiyo limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja.

Ya Galula si ya Tendaguru. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inasema vitu hivi ni vya taifa. Mtafiti anahitaji kibali ili achimbe, na kibali kingine ili apeleke kitu nje kwa uchunguzi, na mfupa hutoka kwa mkopo. Hilo ni jambo kubwa, na waliolipigania wanastahili shukrani.

Hata hivyo ipo sehemu ya tatu ya kazi ya makumbusho ambayo nasema wazi kwamba bado inachechemea, nayo ni elimu. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, hauna tawi la Makumbusho ya Taifa. Mtoto wa Tunduma akitaka kuingia makumbusho ya viumbe atasafiri zaidi ya kilomita 900 kwenda Dar es Salaam, au mbali zaidi kwenda Arusha. Nani atamlipia nauli? Mwalimu wa shule ya kata anafundisha habari za mabadiliko ya viumbe kwa chaki, wakati katika mkoa wake mwenyewe dunia nzima imekuja kuchukua mifano.

Wengine watajibu kwamba hakuna fedha za kujenga jumba. Mimi sizungumzii jumba. Makumbusho duniani kote hutengeneza nakala. Wanachukua umbo la mfupa kwa mpira, wanamimina plasta, wanapaka rangi, na huwezi kuitambua mpaka uinyanyue uone ilivyo nyepesi. Hata hao majitu wanaosimama katika kumbi za Ulaya, baadhi ya viungo vyao ni nakala. Fuvu la plasta la Pakasuchus linaenea kwenye boksi la viatu. Linaweza kupanda basi la asubuhi kutoka Vwawa, likaenda Mkwajuni, likaenda Ileje, likazunguka darasa hadi darasa, na likivunjika linamiminwa jingine. Asili ibaki salama stoo. Kwa hiyo fedha si kisingizio cha kutosha. Kinachotakiwa ni mtu mmoja ofisini anayeona kwamba hiyo ni kazi yake.

Kuna na sababu ya haraka. Mikorongo ya wilaya ya Songwe ina wachungaji wengi na ina wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kila siku moko na sururu zinagonga mwamba. Mtu asiyewahi kuona kisukuku atakipiga nyundo aone kama ndani mna kitu, na ndani hamna kitu. Katika bonde hilihili la ufa la Rukwa ilipatikana taya ya Rukwapithecus na kipande kingine chenye jino moja tu, cha Nsungwepithecus, vyenye umri wa miaka milioni 25. Vilitangazwa mwaka 2013, na ndivyo vilivyowaonyesha wataalamu kwamba wakati huo ukoo wa sokwe na binadamu ulikwisha kuachana na ukoo wa kima. Jino moja, ndugu msikilizaji. Lingetosha kwenye kijiko, na lingetosha kupotea katika kijiko cha sururu.

Basi ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiuchimbue na usiubebe nyumbani. Uache ulipo. Piga picha kwa simu yako, weka kitu kando yake, kalamu au kisanduku cha kiberiti, ili ukubwa wake ujulikane. Weka alama ya mawe mahali ambapo maji ya mvua hayataizoa. Kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, au kwa afisa utamaduni wa wilaya, ndivyo sheria inavyotaka, naye aifikishe kwa wa Mambo ya Kale. Andika tarehe, na andika jina la korongo kwa lugha ya wenyeji, kama wanavyoliita wao. Mto Mtuka ulikuwa na jina kabla ya mgeni yeyote, na ndilo lililoandikwa.

Na kama uko Tunduma na una Jumamosi moja, panda gari la kwenda Mbeya, ushuke penye njia panda ya Kimondo, umalizie kwa bodaboda. Ukifika, zunguka mpaka upande wake mwembamba. Utaona mahali palipokatwa kipande cha uchunguzi wakati wa Waingereza. Waliotumia msumeno ule walihangaika kwa saa nyingi ili kupata kipande cha sentimeta chache tu.